Saini Ukurasa wa Mwisho

Mkataba ulikuja kwa WhatsApp, Jumanne saa tatu usiku, umeme umekatika. Faili la kurasa 23, Kiingereza kitupu, na chini yake ujumbe mfupi: hongera sana, soma kwa raha zako, kisha saini ukurasa wa mwisho uturudishie kabla ya Ijumaa.

Nilikuwa barazani kwa mama, Magomeni ya Bagamoyo, si ile ya Dar. Simu ilikuwa na chaji asilimia 11. Nikafanya ambalo nadhani wengi wangefanya: niliruka maelezo yote nikaenda kutafuta palipoandikwa pesa. Nikazikuta ukurasa wa 6. Dola 2,500. Kwa viwango vya mwaka ule, 2024, ilikuwa kama milioni sita na nusu. Nikainua macho nikaangalia bati letu, lile ambalo chumvi ya bahari imelila hadi unaweza kuhesabu nyota bila kutoka nje. Nikamfikiria mdogo wangu na ada yake ya chuo Morogoro. Kisha simu ikazima.

Niseme mapema kwamba mimi si mwimbaji. Sauti yangu haifai hata kumwitia mtu chai. Mimi ni mtunzi: naandika maneno, natafuta mahadhi, wenye koo nzuri wanaimba. Wimbo wangu mmoja uliimbwa na binti wa Dar es Salaam, ukaingia kwenye zile video fupi za watu wanaocheza jikoni, ukavuka mipaka bila pasipoti. Ndiyo ilivyonipata ile kampuni ya uchapishaji wa muziki, ya nje ya nchi, yenye mwakilishi mmoja mjini.

Mchapishaji wa muziki, kwa wasiomjua, siku hizi hachapishi kitu. Jina limebaki tangu enzi za kuuza nota kwenye karatasi. Kazi yake ni kuhangaika na wimbo wenyewe, maneno na mahadhi, na si ile rekodi iliyotoka studio. Rekodi ina mwenyewe na fedha zake. Wimbo ukipigwa redioni, ukiimbwa jukwaani, ukitiwa kwenye filamu au tangazo, ukirekodiwa upya na mtu wa Brazil, kuna mrabaha wa mtunzi, na huo mrabaha haujileti. Mtu anapaswa kuusajili wimbo huku na huko, kudai, kufuatilia, kugombana. Nikiwa Bagamoyo, nani angenidai haki yangu Ujerumani? Kwa hiyo sikuwaona wezi. Mpaka leo sisemi ni wezi.

Asubuhi nilikwenda steshenari karibu na stendi, nikachapa kurasa zote 23 kwa shilingi 200 kila moja. Kijana wa steshenari akaniuliza kama ni utafiti wa chuo. Nikawapigia picha ukurasa wa kwanza watunzi wenzangu kwenye grupu letu. Pongezi zikamiminika, moto na makofi, kisha mmoja akaandika maneno mawili tu: "Usiwe Mangungo."

Kila aliyesoma historia sekondari ameshacheka juu ya Chifu Mangungo wa Msovero, Usagara, ambaye mwaka 1884 alitia alama yake kwenye karatasi ya Karl Peters bila kujua imeandikwa nini. Sisi tulicheka zaidi, maana tulisoma hapa hapa, mji uliokuwa makao makuu ya kwanza ya Wajerumani, na Boma lao bado limesimama, japo kwa shida. Tulimwona Mangungo mjinga. Jumatano ile, na kamusi mkononi, nikisoma kifungu cha nne mara ya tatu, nilikuwa nimeacha kucheka. Nina shahada, na nilikuwa sielewi ninachoombwa kutoa.

Aliyenifumbua macho kwanza hakuwa mwanasheria. Alikuwa mjomba.

Mjomba wangu ni dalali wa viwanja. Kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga hadi Kiromo, hakuna kona asiyoijua mwenyewe wa zamani na mwenyewe wa sasa. Alikuja kwa mama kula wali wa nazi, akaona makaratasi, akavaa miwani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nitafsirie hapa penye neno hili."

Nikamtafsiria: mwandishi anamhamishia mchapishaji haki zote za kiuchumi katika kazi zote, zilizopo na zitakazotungwa katika kipindi cha mkataba, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki.

Akaniuliza muda wote wa hakimiliki ni miaka mingapi. Nikamwambia kwa sheria yetu ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tukapiga hesabu pale pale nyuma ya bahasha. Nimezaliwa 1997. Nikijaliwa kufika miaka 75 nitakufa 2072. Ongeza 50. Mwaka 2122.

"Lakini wanasema mkataba ni wa miaka mitatu," nikamwambia.

"Miaka mitatu ya wewe kuwapelekea. Ya wao kukaa nazo ni hiyo mingine." Akavua miwani. "Mwanangu, hii si kupangisha. Hii ni kuuza."

Alisema hivyo kisha akanyamaza, na mama akanyamaza, na wote watatu tulijua tunafikiria shamba la bibi.

Mwaka 2013, maneno ya bandari mpya ya Mbegani yalipopamba moto, watu walishuka kutoka Dar na magari meupe wakinunua ardhi kama wananunua nyanya. Bibi alikuwa na ekari mbili Zinga, minazi na mikorosho michache. Mjomba ndiye aliyeleta mnunuzi. Bibi akaweka dole gumba kwenye karatasi, akapewa fedha ambazo hazikufika hata bei ya pikipiki mbili. Msimu ulipofika akaenda na mtoto wa jirani kuangua nazi. Akakuta uzio na mlinzi.

Watu husimulia kisa hiki kama cha bibi aliyedhulumiwa kwa kutojua kusoma. Mimi nimekitafakari kwa namna nyingine. Bibi alijua vizuri sana habari za mali. Huku Pwani kuwa na ardhi ya mtu mmoja na minazi ya mtu mwingine si ajabu. Unaweza kuuza shamba ukabakiza minazi, unaweza kuweka minazi rehani na shamba likabaki lako, unaweza kumpa mtu nazi za msimu mmoja tu. Kichwani mwa bibi hivi vilikuwa vitu vitatu tofauti, shamba, mnazi na nazi, na yeye aliuza kimoja. Karatasi ndiyo haikutofautisha. Karatasi ilisema vyote.

Hakimiliki ya wimbo imekaa kama shamba la bibi. Haki ya kunakili ni yake, haki ya kuimba hadharani ni yake, ya kutangaza redioni, ya kutafsiri, ya kubadili, ya kuweka kwenye filamu, kila moja inaweza kwenda kwa mtu wake, kwa muda wake, kwa nchi yake. Unaweza kuuza. Unaweza kutoa leseni, ambayo ndiyo kupangisha. Unaweza kumpa mtu usimamizi tu: akudaie, akate asilimia yake, hati ibaki jina lako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka uhamishaji wa haki uwe wa maandishi yenye saini, maana yake hakuna anayeweza kukunyang'anya wimbo kwa maneno ya mdomo. Saini ndiyo mlango. Ndiyo maana walikuwa na haraka na ukurasa wa mwisho.

Alhamisi nilipanda daladala hadi Tegeta kumwona wakili kijana, mpangaji wa zamani wa mama mdogo, nikiwa na mkataba kwenye bahasha na kolekole wawili kwenye barafu. Hicho ndicho nilichokuwa nacho cha kumlipa. Alisoma saa nzima huku akipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Kifungu cha kuuza haki hakukishangaa. Vilivyomchekesha ni vidogo.

Nilitakiwa kutoa nyimbo 30 kwa miaka mitatu. Nikaona rahisi, mimi huandika wimbo kwa siku mbili. Akanionyesha kwamba ulihesabiwa wimbo uliorekodiwa na kutolewa tu, tena kwa kadiri ya sehemu yangu. Nikitunga na mwenzangu nusu kwa nusu, ni nusu wimbo. Kwa hiyo 30 zingeweza kuwa 60, na miaka mitatu isingekwisha mpaka zitimie, hata kama ni miaka kumi.

Mgawo ulikuwa 60 kwangu, 40 kwao. Akaniuliza 60 ya nini. Sikujua. Kwenye karatasi ilikuwa 60 ya kitakachomfikia mchapishaji. Chukua dola 100 zilizopatikana Ujerumani. Mwakilishi wao wa kule anakata 25. Zinafika 75. Asilimia 60 ya 75 ni 45. Mkataba ungesema mgawo uhesabiwe pale fedha zinapopatikana, kabla ya mkono wa kati, ningepata 60. Dola 15 zimepotea ndani ya neno moja, na hakuna aliyeiba.

Na zile dola 2,500? "Dada, hicho si kishika uchumba," akasema. "Kishika uchumba hakirudishwi. Huu ni mkopo. Mirabaha yako yote inaingia kulipa hili deni kwanza, ndipo uanze kuona senti." Kesi ikitokea, mahakama ni za nchi yao. Nauli yangu ya kwenda Tegeta peke yake nilikuwa nimeikopa.

Alipofika kwenye kifungu kinachosema naachia haki zangu za kimaadili, akakipiga msalaba mkubwa. Haki ya jina langu kutajwa kwenye kazi yangu, na haki ya kukataa isiharibiwe, sheria yetu haimruhusu mtunzi kuihamisha akiwa hai. Hata nikitaka kuiuza.

Jioni ile, nikirudi, konda akigombania chenji na abiria wa Kerege, nilisoma kwenye simu habari za Solomon Linda. Nilikuwa nimezisikia juu juu. Mwaka 1939, Johannesburg, alirekodi wimbo wa Mbube na kundi lake la Evening Birds. Haki akaiuza kwa kampuni ya Gallo kwa shilingi kumi. Wimbo ukafika Marekani, ukabadilishwa maneno, ukawa wa simba anayelala, mwaka 1961 ukapanda chati, miaka ya 1990 ukaingia kwenye The Lion King. Linda alikufa 1962, maskini. Mjane wake na binti zake nao baadaye wakaletewa karatasi wasaini, wakasaini.

Kilichowaokoa hakikuwa huruma. Sheria ya Hakimiliki ya himaya ya Uingereza ya mwaka 1911 ilikuwa na kifungu kilichosahaulika: miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki alizouza zinarudi kwa warithi wake. Wanasheria wa Afrika Kusini wakakifukua, Disney wakashtakiwa 2004, na Februari 2006 familia ikapata makubaliano. Miaka 67 tangu siku ya zile shilingi kumi. Nilichojifunza pale kilikuwa kitu kimoja cha kuombea mkataba wangu: tarehe ya kurudi. Sikutaka wanipe zaidi. Nilitaka siku ambayo nyimbo zitarudi nyumbani bila mtu kwenda mahakamani.

Ningeweza kuishia hapo, kijana mjanja aliyekataa kuwa Mangungo. Lakini wakili alikuwa amezungushia duara kifungu cha tisa, na nilikuwa nakikwepa.

Kifungu cha tisa kilisema: mwandishi anathibitisha kwamba kazi zote ni zake peke yake, hazikunakiliwa popote, na kwamba likitokea dai la mtu mwingine, yeye ndiye atakayelipa hasara. Wakili aliniuliza mara moja tu, "Ni zako peke yako?" Nikamjibu ndiyo. Alinitazama kidogo, akaendelea.

Wimbo uliokuwa umenifikisha pale, maneno ni yangu. Mahadhi ya ubeti ni ya rafiki yangu wa gitaa, kaka mmoja wa Mlingotini, tuliyekuwa tunakaa naye jioni nyuma ya Ngome Kongwe. Aliyapiga, nikayaandikia. Aliporudi kwao kumsaidia mama yake na kilimo cha mwani, mimi niliupeleka wimbo Dar. Jina lililoandikwa ni langu. Hakuwahi kuniuliza. Nilijiambia angetaka angeuliza.

Wimbo wa Malaika nao una kesi yake ya namna hii. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akautembeza duniani, Boney M wakaurekodi 1981, na Fadhili alishikilia kuwa ni wake mpaka alipofariki 2001. Huku kwetu, hata hivyo, linatajwa jina la Adam Salim, Mtanzania, anayesemwa kuwa aliutunga 1945. Yapo na majina mengine ya Mombasa. Nimewahi kukaa kwenye mabishano ya wimbo ule mpaka chai ikapoa, nikiwatetea wa upande wetu kwa nguvu zote, na usiku huo huo nikalala bila kufikiria gitaa la Mlingotini.

Ijumaa, siku ya mwisho waliyonipa, niliwaandikia kwamba nahitaji wiki mbili. Walikubali kwa mstari mmoja. Tarehe yao ya mwisho haikuwa imefungwa na kitu chochote.

Kisha nikapanda bodaboda hadi Mlingotini.

Maji yalikuwa yamekupwa. Nilimkuta ufukweni anashusha viroba vya mwani, mama yake amekaa kivulini na wanawake wenzake wanafunga miche kwenye kamba. Nikaamkia. Nikazunguka zunguka, habari za nyumbani, habari za bei ya mwani, mpaka yeye akaniambia, "Sema kilichokuleta."

Nikamsomea kifungu cha tisa kwa Kiswahili. Alicheka kwanza. Kisha hakucheka.

"Nilikuwa nausikia kwenye daladala," akasema. "Nawaambia watu hayo mahadhi yangu. Wananiita mwongo. Siku moja konda akaniambia, kama ni yako mbona unalipa nauli?"

Sikuwa na la kusema. Nikamwomba radhi, na radhi yenyewe ilikuwa nyepesi, nikaisikia inavyoanguka mchangani. Akachukua muda. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba mahadhi ya ubeti ni yake, kweli, lakini yale ya kiitikio aliyatoa kwa mama yake. Tukamwendea. Mama akaimba bila kuacha kufunga kamba, na ndiyo yenyewe, nota kwa nota. Yeye kayatoa wapi? Kwa mama yake, kwenye ngoma za wanawake, na huko kayatoa kwa mwingine.

"Basi na mimi nimo," akasema mama, na wenzake wakaangua kicheko. "Mkipata, mkumbuke kamba. Kamba ghali."

Sheria imeshafikiria hata hilo: sanaa za jadi zikitumika kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila, kibali ni cha Baraza la Sanaa la Taifa. Lakini pale ufukweni sheria ilionekana iko mbali. Tulichana ukurasa wa daftari, tukaandika. Maneno: mimi. Mahadhi ya ubeti: yeye. Kiitikio: cha jadi, kama kilivyoimbwa na mama fulani wa Mlingotini, jina lake kamili. Mgawo wetu nusu kwa nusu, na kabla ya kugawana, fungu la kamba linatoka kwanza. Tukasaini, mama akasaini, na mwanamke mmoja jirani akawa shahidi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile nilisaini karatasi niliyoielewa yote.

Wiki iliyofuata tulikwenda wote wawili Dar, tukausajili wimbo Ofisi ya Hakimiliki, ile tuliyoizoea kwa jina la COSOTA. Wimbo unalindwa tangu unapotungwa, usajili si sharti, lakini siku ya ubishi karatasi huongea. Kisha nikaiandikia kampuni, kwa msaada wa wakili: usimamizi, si kuuza. Miaka mitano, kisha haki zote zirudi. Mgawo uhesabiwe pale fedha zinapopatikana. Watunzi wawili, siyo mmoja. Haki za kimaadili zibaki.

Walijibu baada ya siku tisa. Miaka saba, siyo mitano. Mgawo kama tulivyoomba, kwa nchi chache walizozitaja. Watunzi wawili, sawa, ila walitaka kujua huyu wa pili ametokea wapi. Na kwa kuwa sasa ni usimamizi tu, hakuna malipo ya awali.

Niliisoma ile sentensi ya mwisho mara nyingi kuliko kifungu cha nne. Milioni sita na nusu. Nilimpigia kaka wa Mlingotini. Akauliza, "Miaka saba halafu zinarudi?" Nikamwambia zinarudi. Akasema haya.

Mkataba mpya ulikuwa na kurasa 14. Kijana wa steshenari alitoza shilingi 2,800, akauliza kama utafiti umefupishwa. Tulisaini pale pale juu ya kaunta yake, kila ukurasa, herufi za majina chini pembeni, kama wakili alivyotuagiza.

Mama alikuwa ananisubiri barazani. Vuli ilikuwa imeanza. Nikamweleza yote, na ya Mlingotini pia, ambayo nilikuwa sijamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na bati?"

"Bati bado, mama."

Akaingia ndani. Nikasikia anavuta beseni kulisogeza chini ya pale panapovuja.